Baiskeli vijijini China

Mnaosoma China, zile baiskeli za mjini za kukodi kwa kuskani na simu msizipeleke vijijini. Ukiiegesha nje ya eneo lake unakatwa hela (yalishanikuta). Tafuta iliyotumika, wanaomaliza chuo mwezi wa 6 huziuza kwa bei ya kutupa. Ramani tumia Amap (app ya ramani ya Kichina), maana Google Maps kule huonyesha barabara zimesogea mamia ya mita. Piga picha anwani ya unapokaa kwa maandishi ya Kichina, na pasipoti usiiache. Mimi napenda Yangshuo, kule Guangxi kusini mwa China, kando ya mto Yulong: njia tambarare, vilima vya chokaa vimechongoka kama vichuguu, na wakati wa mavuno mpunga unaanikwa barabarani kabisa. Ukiukuta, shuka uikokote baiskeli pembeni.