Picha ya kwanza iwe ya simu yako

Mwaka mzima nimezunguka na gari nikipiga picha za miji, na nilipofika nyumbani nikashindwa kutenganisha Gairo na Kibaigwa: mabati yaleyale, bodaboda zilezile, magunia ya mahindi kando ya lami. Kamera yangu haina GPS. Sasa nikishuka tu, picha ya kwanza ni ya skrini ya simu, ramani ikionyesha nilipo na saa ikionekana juu. Picha hupangwa kwa muda, kwa hiyo zote zinazofuata ni za mji huo mpaka skrini nyingine itokee. Na saa ya kamera ikiwa imepotea, utaona tofauti palepale.

Jua la mchana huifanya skrini itoke nyeusi, basi ingia kivulini. Ukiwa na kamera mbili, piga kwa zote, la sivyo ile ya pili umeiacha gizani. Ukivuka Rusumo kuingia Rwanda, piga upya: simu itarudi nyuma saa moja yenyewe, kamera haina habari. Mtandao ukikata na ramani ikagoma, piga kibao cha shule ya msingi au zahanati. Mara nyingi jina la mahali limo.