Tumia harufu ya mimea kukinga nyanya zako na wadudu

Chuma jani moja la mrehani, ligeuze, liangalie kwa karibu kwa lenzi au kamera ya simu. Utaona vidoti vinang'aa kama vitone vya mafuta. Hizo ni tezi, zimefunikwa na ngozi nyembamba sana, na ndani kuna mafuta yenye harufu kali, kama linalooli na eujenoli. Mdudu akitafuna tu, ngozi inapasuka anakutana na mafuta makali mdomoni, yaani hii harufu tunayoipenda sisi, yeye ikimzidi inamvuruga hadi mishipa ya fahamu. Kitunguu saumu nacho kizima hakinuki sana mpaka kipondwe.

Sasa wengi wanakosea hapa, wanapanda mrehani mmoja kule kwenye kona halafu wanalalamika haufanyi kazi. Harufu hiyo upepo unaipeperusha haraka! Panda katikati ya nyanya, sentimita kama 30 kutoka kila shina, na uanze mapema kabla wadudu hawajaingia kwa sababu wadudu wengi wanatafuta mmea kwa kunusa, na kazi kubwa ya mrehani ni kuwachanganya wasiipate nyanya. Vidukari wakishajaa kwenye majani harufu pekee haiwatoi, hao waoshe kwa maji yenye presha kidogo.

Kila ukipita papasa majani ya mrehani kwa mkono, kata ncha zake mara kwa mara, ila acha mmea mmoja au miwili itoe maua (nitasema kwa nini). Jua iwe ya kutosha. Mbolea ya naitrojeni usizidishe jamani, utapata majani makubwa laini ambayo harufu yake hafifu na vidukari wanayapenda mno. Ukipanda na nanaa, iweke kwenye chungu maana mizizi yake inatambaa kila mahali.

Hayo maua ya mrehani ni kwa ajili ya nyigu wadogo sana, wanakunywa humo. Mmea ukitafunwa na viwavi unatoa harufu nyingine tofauti na ya kawaida, na nyigu hao wanaifuata mpaka kwa kiwavi wanamtagia mayai mwilini, kwa hiyo ukipiga dawa hovyo unaua walinzi wako mwenyewe. Ukikuta kiwavi amezubaa, mgongoni ana vifuko vyeupe kama punje za mchele, usimponde, muache hapohapo, humo ndo wanatoka nyigu wengine.