Ndala, damu na mkeka: namna ya kupima ushahidi kwa hesabu

Juzi kijiweni Magomeni tunakunywa kahawa, jamaa mmoja akawa anasimulia duka la mtaani kwao lilivyovunjwa usiku, watu wakakuta alama ya ndala kwenye unga uliomwagika mlangoni, asubuhi kakamatwa dogo mmoja soli yake inafanana na ile alama, basi kwa jamaa kesi imeisha hapo. Nikamwambia kaka hebu nyanyua mguu. Soli yake ilikuwa ileile, michoro ileile ya mawimbi. Kijiwe kizima kikacheka, ye akaurudisha mguu chini ya benchi kimyakimya.

Hesabu ya ushahidi inaanzia hapohapo, wala haihitaji kompyuta. Ushahidi wowote wa kitaalamu, iwe damu, alama za vidole, vipande vya kioo au hiyo ndala, unauliza maswali mawili na unayauliza yote, sio moja. Kama ni huyu kweli, kuna uwezekano gani wa kukuta kitu hiki? Na kama sio huyu, ni mtu mwingine tu, kuna uwezekano gani wa kukuta kitu hikihiki? Jibu la kwanza unaligawanya kwa la pili. Ukipata 1 ushahidi wako hauelekei popote, uache. Ukipata 1,000 una kitu. Ukipata chini ya 1 maana yake ushahidi unamtetea mshtakiwa, na hili watu wengi wanajifanya hawalioni. Wataalamu wanaita uwiano wa uwezekano, mi hapa nitauita uzito basi tuelewane.

Turudi kwenye ndala. Swali la kwanza usikimbilie kuweka 1, maana dogo kakamatwa asubuhi ileile sawa, ila angekamatwa wiki tatu baadaye ndala nyingine zingeshachukua nafasi, na kama nyumba nzima wanavaa ndala moja ya kuendea chooni ndo kabisa. Swali la pili ndo lenye jasho. Unatakiwa ujue ni watu wangapi wanavaa soli ya aina ile saizi ile, na hakuna daftari la ndala popote, kwa hiyo unaenda kuhesabu. Unahesabia wapi? Duka limevunjwa Manzese halafu we unaenda kuhesabu Masaki, utapata ndala chache, ushahidi utaonekana mzito na dogo ataumia bure. Unahesabu kule ambako huyo mwizi mwingine, kama yupo, angetokea.

Tuseme umekaa karibu na kituo cha daladala umehesabu miguu ya watu 200, kati yao 30 wana soli ile na saizi ile. Hiyo ni asilimia 15. Hata tukikubali swali la kwanza liwe 1, gawanya 1 kwa 0.15 unapata kama 6.7, yaani alama ile ingeonekana karibu mara saba zaidi kama ni dogo kuliko kama ni mpita njia yeyote. Sio sifuri, ila kumfunga mtu kwa saba nahisi hata wewe hutalala.

Na ukihesabu 200 usipate hata mmoja? Hapa ndo vijana wengi wanaharibu, wanaandika sifuri alafu wanasema hakuna mwingine duniani. Hapana. Kuna njia ya mkato ya zamani, chukua 3 gawanya kwa idadi uliyohesabu, 3 kwa 200 ni asilimia 1.5, hicho ndo kiwango cha juu ambacho huwezi kukikataa kwa uhakika wa asilimia 95. Kwa hiyo ukiwa muungwana uzito wako ni kama 67, hauzidi hapo mpaka uende ukahesabu watu wengi zaidi. Kinachoweza kupandisha sana ni kasoro, mfano ndala imekatika ikafungwa kwa waya, au soli imelika upande mmoja na ina tundu la msumari sehemu fulani, hizo hazigawiwi kiwandani.

Sasa kuzidisha. Anayebeti hapa tutaelewana haraka. Ukiweka mechi tano kwenye mkeka, odi zinazidishwa kwa sababu mechi ya Mbeya haijui kinachoendelea kwenye mechi ya Mwanza. Ila jaribu kuunganisha "Yanga ashinde" na "Yanga afunge goli" za mechi moja kama mistari miwili ya kawaida, mfumo utakukatalia, maana akishinda si lazima kafunga? Mwenye kampuni ya kubeti hawezi kukulipa mara mbili kwa jambo moja. Cha ajabu mahakama kubwa za wenzetu zimeshaliwa hivohivo. California mwaka 1964 kuna wanandoa walishtakiwa kwa kupora mkoba, upande wa mashtaka ukazidisha uwezekano wa mwanaume mwenye ndevu, mwenye masharubu, mwanamke mwenye nywele za rangi ya dhahabu, gari la njano na kadhalika, wakapata 1 kati ya milioni 12. Ndevu na masharubu zinatembea pamoja jamani! Na zile namba zenyewe hazikuwa na utafiti wowote nyuma yake. Mahakama ya juu ya jimbo hilo ilitengua hukumu mwaka 1968.

Mbaya zaidi ni ya Sally Clark, Uingereza, mama aliyefiwa na watoto wawili wachanga akafungwa mwaka 1999 kwamba kawaua. Daktari bingwa alisema kifo cha ghafla cha mtoto kwenye familia kama ile ni 1 kati ya 8,543, akazidisha namba hiyo kwa yenyewe, akapata 1 kati ya milioni 73. Watoto wa tumbo moja, nyumba moja, damu moja, we unawahesabu kama mechi mbili za mikoa tofauti. Aliachiwa mwaka 2003, hasa kwa sababu kulikuwa na majibu ya maabara ambayo utetezi haukuonyeshwa, lakini ile namba ilishapigwa sana na wanatakwimu wa huko kabla ya hapo.

Kwa hiyo kabla hujazidisha jiulize: nikijua hili la kwanza, la pili linakuwa rahisi zaidi? Kama ndio, usizidishe.

DNA, yaani vile vinasaba vinavyopimwa kwenye damu, yenyewe inaruhusu kuzidisha kwa sababu sehemu zinazopimwa zimechaguliwa ili zisirithiwe kama kifurushi kimoja. Kila sehemu una vitu viwili, kimoja cha baba kimoja cha mama. Tuseme cha kwanza kinapatikana kwa asilimia 10 kwenye jamii na cha pili asilimia 20, basi hesabu ni 2 mara 0.1 mara 0.2, unapata 0.04, yaani mtu 1 kati ya 25. Kama damu ya eneo la tukio ilikuwa imechakaa kwa jua na unyevu na wamepata sehemu nne tu, zote za aina hiyo, unazidisha 25 × 25 × 25 × 25: 1 kati ya 390,625. Sampuli nzima isiyochakaa inapimwa sehemu nyingi zaidi na namba inaenda kwenye mabilioni, ila joto la Dar halina huruma na damu. Na asilimia hizo inabidi zitoke kwa watu wa huku, sio kwenye jedwali la watu wa Ulaya, uliza hilo kila mara.

Sasa sikiliza vizuri, kosa kubwa kuliko yote liko hapa. Mtu akisikia 1 kati ya 390,625 anasema "basi uwezekano kwamba huyu hana hatia ni 1 kati ya 390,625". Sio hivo kabisa. Sensa ya 2022 imehesabu Dar watu 5,383,728, wanaume kama milioni 2.6. Gawanya milioni 2.6 kwa 390,625, unategemea kukuta wanaume karibu saba jijini, bila kujuana, wenye vinasaba vinavyolingana na ile damu. Kama huna kitu kingine chochote zaidi ya hiyo damu, na dogo umempata kwa kuchota tu mtu mjini, basi uwezekano kwamba ni yeye ni kama asilimia 13. Asilimia 13! Wakati kwenye gazeti ingeandikwa "DNA yamnasa".

Ila geuza shilingi. Kama ni ghala la Kurasini na waliokuwa na uwezo wa kuingia usiku ule ni watu 40 tu, wengine 39 ukiwagawanya kwa 390,625 unapata kitu kidogo sana, uwezekano unaruka mpaka asilimia 99.99. Damu ni ileile, ripoti ni ileile, kilichobadilika ni kazi ya mpelelezi ya kujua nani alikuwa na funguo. Ndo maana mtaalamu wa maabara hatakiwi kusema "ni yeye", hajui habari za funguo, ye anatoa uzito tu na hakimu anauchanganya na mengine. Kwetu vinasaba vinapimwa na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na sheria ya vinasaba vya binadamu ipo tangu 2009, lakini maoni ya mtaalamu mbele ya mahakama yanabaki kuwa maoni, hayamfungi hakimu mikono.

Alafu kuna ndugu. Hesabu yote hapo juu ni ya mtu baki. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja kwenye kila sehemu ya mfano wetu analingana kwa uwezekano wa 0.335, zidisha 0.335 × 0.335 × 0.335 × 0.335 unapata kama 1 kati ya 79. Kutoka laki tatu na ushee mpaka 79, kwa sababu tu kaka yake analala chumba cha pili uani. Mapacha wa kufanana ndo usiseme, kipimo cha kawaida hakiwatofautishi.

Na makosa ya watu. Kama maabara yoyote inachanganya sampuli mara 1 kwa kila 1,000, huwezi kudai uzito wa bilioni, umefungwa karibu na hiyo 1,000, haijalishi mashine imesemaje. Ujerumani polisi walihangaika miaka na miaka na mwanamke mmoja hatari aliyeacha DNA kwenye matukio kama 40, mauaji humo, wizi humo. Mwaka 2009 ikajulikana ni mfanyakazi wa kiwanda, kazi yake ilikuwa kwenye vile vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli, DNA yake ilikuwa inaingia kwenye vijiti hukohuko kiwandani. Kipimo kilikuwa sahihi kabisa, DNA ilikuwa yake kweli.

Mtaalamu ukifika kuandika ripoti, sentensi iwe hivi: "Matokeo haya yana uwezekano mara 390,625 zaidi kama damu ni ya mshtakiwa kuliko kama ni ya mwanaume mwingine asiye ndugu yake." Usiigeuze ikawa "kuna uwezekano mara 390,625 kwamba damu ni ya mshtakiwa", inafanana kwa sikio ila ni jambo lingine kabisa. Na kama we ni wakili wa utetezi, shahidi akishamaliza kutaja namba yake kubwa, simama muulize taratibu: hiyo asilimia mmehesabu kwa watu wa wapi, sehemu ngapi zilipatikana, na kaka yake mlimpima?