Salmoni nyumbani: kikaangoni, kwenye oveni na kwenye tui

Mtu aliyezoea kukaanga changu au sato akipata salmoni kwa mara ya kwanza humfanyia yale yale: mafuta tele, moto mkali, geuza, geuza tena, mpaka samaki awe wa kahawia na mkavu. Changu huvumilia. Salmoni havumilii. Ana mafuta yake mwenyewe ndani ya nyama, mnofu wake ni laini na huachana kwa tabaka, na kutoka kuiva vizuri hadi kukauka ni suala la dakika mbili tatu. Karibu kila hatua hapa chini ni njia ya kukusaidia kumtoa motoni mapema kuliko mkono wako ulivyozoea.

Hatua ya 1: Jua umenunua salmoni gani

Napika Norwei, ambako mwaka 1970 ndugu wawili wa kisiwa cha Hitra, Ove na Sivert Grøntvedt, walifanikiwa kufuga salmoni kwenye vizimba baharini. Leo salmoni wa Atlantiki unayemkuta dukani, awe ametoka Norwei, Scotland au Chile, karibu wote ni wa kufugwa. Utamtambua kwa mistari myeupe minene ya mafuta iliyopita kwenye nyama ya rangi ya chungwa. Mafuta hayo humkinga mpishi: ukichelewa kidogo, bado analika.

Walioko Marekani na Kanada mara nyingi hukuta pia salmoni wa Pasifiki. Paketi ikisema Alaska, huyo amevuliwa, hakufugwa, kwa sababu sheria ya jimbo hilo inakataza ufugaji wa samaki wa aina hii. Yule anayeandikwa sockeye ni mwekundu sana, mwembamba, na mafuta yake ni machache. Muda wote ninaoutaja hapa ni wa salmoni wa kufugwa mwenye unene wa sentimita 3 hivi. Kwa sockeye punguza theluthi, na usiondoke jikoni.

Chagua kipande cha katikati, wala si cha mkiani, na ukiweza chukua chenye ngozi. Mnofu mbichi ukiubonyeza unarudi, haubaki na shimo. Na kama samaki ananuka shombo kali tangu dukani, hakuna ndimu itakayomponya.

Hatua ya 2: Mwache ayeyuke polepole

Kwa walio mbali na bahari za baridi, salmoni mara nyingi huwa wa friza. Si vibaya. Tatizo ni kumyeyusha kwa maji ya moto: nje analegea, ndani bado barafu, na maji yake yote yanamwagika. Mhamishie kwenye jokofu usiku, asubuhi au mchana atakuwa tayari. Kama amefungwa kwenye plastiki iliyonyonywa hewa, ifungue au uitoboe kabla hajaanza kuyeyuka. Kuna bakteria hatari wanaopenda mahali pasipo na hewa, na hao hawatoi harufu ya kukuonya.

Hatua ya 3: Miiba, chumvi, kukausha

Pitisha kidole katikati ya kipande, kutoka upande wa kichwa kwenda mkiani. Ukigusa ncha ngumu, hiyo ni safu ya miiba midogo. Ing'oe kwa kibano, ukivuta kuelekea upande ilikolalia, usiivute juu wima maana nyama itachanika. Papasa ngozi pia. Kama ina magamba, yaparue kwa mgongo wa kisu.

Kisha chumvi. Futa gramu 50 za chumvi katika lita moja ya maji baridi, tumbukiza vipande kwa dakika 15, vitoe. Hii inakoleza samaki mpaka ndani, na pia inapunguza yale mabonge meupe yanayochuruzika pembeni wakati wa kupika. Wengi hudhani ni mafuta, au samaki ameharibika. Ni protini inayosukumwa nje na joto. Haina madhara, ila ikiwa nyingi ujue moto umekuwa mkali au muda umezidi.

Sasa mkaushe, hasa ngozi, kwa karatasi za jikoni. Bonyeza, badilisha karatasi, bonyeza tena. Ngozi yenye maji haikauki kikaangoni, inachemka tu na kunata.

Ndimu iache pembeni kwanza. Najua mazoea yetu ya kumlaza samaki kwenye ndimu na thomu tangu asubuhi. Kwa nguru sawa, kwa salmoni asidi inageuza nyama kuwa nyeupe na ya vumbivumbi kabla hata haijaona moto. Thomu, tangawizi na pilipili manga vinaweza kukaa naye nusu saa. Ndimu inakamuliwa mezani.

Hatua ya 4: Kikaangoni

Hii ndiyo njia ninayoipenda kwa mlo wa mtu mmoja au wawili. Tumia kikaango kizito, kijiko kimoja kikubwa cha mafuta na moto wa wastani. Mafuta yakianza kutembea kirahisi kikaangoni, laza kipande ngozi ikiwa chini, ukikishusha kwa kuelekea mbali nawe ili mafuta yasikurukie. Ngozi itajikunja mara moja. Ikandamize kwa mwiko mpana kwa sekunde 15 hivi mpaka itulie, halafu mwache.

Mwache kweli. Usimsukume, usimchungulie chini. Badala yake angalia ubavu wa kipande: rangi ya chungwa iliyokolea inapauka kuanzia chini, na mstari wa mpauko unapanda taratibu. Ukifika robo tatu ya unene, kwa kawaida baada ya dakika 6 au 7, mgeuze. Kama ngozi inakataa kuachia, haijawa tayari. Mpe nusu dakika. Upande wa pili unahitaji dakika moja tu. Mtoe, ngozi ikiwa juu, akae dakika mbili kwenye sahani. Joto lililobaki ndani litamalizia kazi.

Mwenye kipimajoto cha jikoni amtoe katikati ikiwa nyuzi 50 hadi 52 za Selsiasi (nyuzi zote hapa ni za Selsiasi). Atakuwa na unyevunyevu na tabaka zake zitateleza. Mwongozo rasmi wa Marekani unasema nyuzi 63, na kwa mjamzito, mtoto mdogo, mzee au mgonjwa ufuate huo bila ubishi. Usiye na kipimajoto, bonyeza kwa kidole: tabaka zikianza kuachana, toa.

Hatua ya 5: Kwenye oveni

Wageni wakiwa sita, kikaango hakitoshi. Washa oveni nyuzi 200, panga vipande kwenye trei iliyopakwa mafuta, dakika 10 hadi 12. Ncha nyembamba ya mkia ikunje chini ya yenyewe ili unene ulingane. Ukiwa na muda, shusha hadi nyuzi 120 na umpe dakika 20 hadi 25. Hapati rangi nzuri, lakini analainika ajabu, na hata simu ikikuchelewesha kidogo hutaharibu kitu.

Hatua ya 6: Wa kupaka

Watu wa pwani wataguna, lakini inawezekana, mradi ubadilishe uwiano. Nguru wa kupaka hupata utamu wa mafuta kutoka kwenye tui, kwa sababu mwenyewe ni mkavu. Salmoni tayari ana mafuta. Ukimmwagia tui zito lile lile, mlo unakinaisha kwenye tonge la tatu. Kwa hiyo punguza tui, ongeza ukwaju na pilipili.

Kwa vipande vinne: kaanga kitunguu maji kimoja kilichokatwa vidogo mpaka kilainike, ongeza kijiko kidogo cha thomu, kingine cha tangawizi, nusu kijiko kidogo cha bizari ya manjano na pilipili mbichi mbili. Mimina mililita 250 za tui na vijiko vitatu vikubwa vya ukwaju mzito. Chemsha bila kufunika, ukikoroga, mpaka lishike kwenye mwiko; kama dakika 10. Onja. Lazima liwe kali na chachu kidogo kuliko unavyodhani inafaa.

Weka salmoni chini ya moto wa juu wa oveni kwa dakika 4, mtoe, mpake tui hilo kwa unene, mrudishe dakika 3 mpaka juu patokee madoa meusi. Mwenye jiko la mkaa atumie mkaa, lakini asimgeuze zaidi ya mara moja maana atabaki vipande vipande kwenye wavu. Mle kwa wali mweupe. Wali wa nazi hapa ni kuzidisha.

Kiporo

Kiweke kwenye jokofu ndani ya saa mbili, kiliwe ndani ya siku mbili. Usikirudishe kwenye maikrowevu: kitakauka, na harufu itabaki nyumbani hadi kesho. Ukile kikiwa baridi, pamoja na kachumbari, au kipondeponde na viazi vya kuchemsha, kotmiri, pilipili na chumvi, ufinyange katlesi. Zichovye kwenye yai na uzikaange zipate rangi tu, maana samaki wa ndani ameshaiva.