Somo: Kila kongamano na ukurasa wake, ili mtu akitafuta alipate

Vyama vingi vya kitaaluma na taasisi hapa Dodoma vina ukurasa mmoja tu ulioandikwa "Matukio". Ukiufungua unakuta jedwali refu: jina la kongamano, tarehe, ukumbi, na pembeni neno "Pakua" linalokupeleka kwenye PDF. Pengine hata jedwali hakuna, ni bango limebandikwa kama picha. Sasa mtu yuko Kibaigwa, anaandika kwenye simu "kongamano la alizeti Dodoma 2026". Ataupataje ukurasa ule? Una makongamano ishirini na hauelezi hata moja kwa kina. Google inaonyesha kurasa, haionyeshi mstari wa kumi na tatu wa jedwali. Ndiyo maana miongozo yake kuhusu matukio inataka kila tukio liwe na anwani yake peke yake.

Jambo hili linanigusa kwa sababu mji wetu sasa ni mji wa mikutano. Serikali ilianza kuhamia hapa kwa kasi 2016, treni ya SGR ikafika kutoka Dar es Salaam 2024, na kumbi kama Jakaya Kikwete Convention Centre na Chimwaga pale UDOM zinapokea watu kutoka mikoa yote. Mara nyingi anayekosa habari ni yule ambaye hayumo kwenye magrupu ya WhatsApp ya wakubwa: msindikaji mdogo wa Singida, mkulima wa zabibu wa Hombolo, mhasibu aliyeanza kazi mwaka huu. Hao hutegemea kutafuta mtandaoni.

Nitatumia mfano wa kubuni: kongamano la siku mbili la wasindikaji wa alizeti, Alhamisi 17 na Ijumaa 18 Septemba 2026, hapa jijini.

Hatua ya 1: Kusanya majibu kabla hujagusa kompyuta

Waandaaji watakuletea bango na hotuba ya mwenyekiti. Havitoshi. Wapigie simu, waulize yale ambayo mshiriki atauliza: ada ni shilingi ngapi na inalipwaje, kwa benki, kwa simu au kwa kontrol namba? Mwisho wa kujisajili ni lini? Chakula kimo ndani ya ada? Wahasibu na wahandisi watapata pointi za CPD, yaani za kujiendeleza kitaaluma? Barua ya mwaliko inapatikanaje?

Hilo la barua lisikupite. Mtumishi wa umma bila barua ya mwaliko hapati ruhusa wala posho, na asipoiona kwenye ukurasa wako anaachana na safari. Weka linki ya kuiomba au kuipakua, sehemu ya juu kabisa. Malazi nayo yaseme. Kongamano likiangukia Bunge la Bajeti, Aprili hadi Juni, vyumba Dodoma vinakuwa vya kugombania, na mgeni anayetoka Mwanza anastahili kuambiwa mapema.

Kama huna tarehe, mji na jina la mwandaaji, usifungue ukurasa. Kurasa hamsini zenye jina na "taarifa zitakujia" hazimsaidii msomaji, na zinaifanya tovuti nzima ionekane haina kitu.

Hatua ya 2: Chagua anwani itakayodumu

Achana na anwani kama /event.php?id=47. Andika maneno yanayosomeka, herufi ndogo, yatenganishwe kwa vistari vya kati: /makongamano/wasindikaji-alizeti-kanda-ya-kati/.

Mwaka sijauweka, na ni makusudi. Kongamano likiwa la kila mwaka, anwani hiyo moja ibebe toleo la sasa siku zote. Likiisha, hamishia taarifa zake kwenye /makongamano/wasindikaji-alizeti-kanda-ya-kati/2026/, kisha anwani kuu ipokee ya 2027. Linki zote ambazo magazeti, wadhamini na vyuo waliweka zitaendelea kuleta watu mahali palepale. Ukianza anwani mpya kila mwaka, kila mwaka unaanza kujulikana upya. Wapo wataalamu wanaopenda mwaka uwepo tangu mwanzo; kwa tukio la mara moja nakubaliana nao.

Hatua ya 3: Kichwa na maelezo mafupi

Kichwa cha ukurasa ni yale maandishi makubwa unayobonyeza kwenye matokeo ya Google. Kisiwe "Karibuni | Chama Chetu". Kiwe: "Kongamano la Wasindikaji wa Alizeti, Dodoma, 17–18 Septemba 2026". Jina, mji, tarehe. Simu hukata vichwa virefu, kwa hiyo maneno yenye uzito yatangulie, na jina la chama lije mwisho.

Maelezo mafupi chini yake hayakupandishi nafasi, lakini ndiyo yanayomshawishi mtu abonyeze. Sentensi mbili zinatosha: nani anahusika, ada kiasi gani, mwisho wa kujisajili lini. Google huweza kuyabadilisha na kuchukua sentensi nyingine kutoka kwenye ukurasa wako. Usihangaike nayo.

Hatua ya 4: Mwili wa ukurasa

Aya ya kwanza imalize kazi: nini, lini, wapi, kwa nani. Salamu za mwenyekiti zishuke chini. Taja ukumbi kwa jina rasmi na kwa jina ambalo watu wa hapa hulitumia, kisha elekeza kwa maneno jinsi ya kufika kutoka stesheni ya SGR na kutoka stendi kuu ya Nzuguni. Ratiba iandikwe kama maandishi, isiwe picha. Bango libaki, ila lipunguzwe uzito lisimalizie mtu bando, na lipewe maandishi mbadala yanayoeleza kilichomo.

Ukurasa uujaribu kwenye simu ya kawaida. Google hutumia toleo la simu la ukurasa kuuorodhesha kwenye matokeo yake, kwa hiyo ulichokiondoa kwenye toleo la simu umekiondoa na kwa Google.

Hatua ya 5: Data yenye mpangilio, na suala la saa

Hapa ndipo watu wengi wanateleza. Data yenye mpangilio ni taarifa za ukurasa zilizoandikwa ili mashine izisome. Schema.org, msamiati wa data hiyo ulioanzishwa 2011 na Google, Bing na Yahoo, ina aina iitwayo Event. Unaiandika kwa JSON-LD, muundo wa kodi fupi inayokaa ndani ya ukurasa. Ukiwa na WordPress, programu ya kutengeneza tovuti, plagini (vijalizo vyake) nyingi za matukio hukuandikia. Google inalazimisha vitu vitatu: name, startDate na location. Ongeza endDate, description, image, offers na organizer kama unavyo.

Angalia tarehe kwa makini:

"startDate": "2026-09-17T09:00+03:00"
"endDate": "2026-09-18T16:30+03:00"

Mwaliko unasema saa 3:00 asubuhi. Ukiingiza 03:00 umeiambia mashine kwamba kongamano linaanza saa 9 usiku. Kwa maandishi ya kusomwa na watu andika saa 3:00 asubuhi kama tulivyozoea. Kwenye data weka 09:00, ukifuata na +03:00, ambayo ndiyo saa ya Afrika Mashariki. Kumaliza saa 10:30 jioni ni 16:30. Fomu za plagini nazo ni hivyohivyo, na kabla ya yote hakikisha mipangilio ya tovuti imewekwa Dar es Salaam au Nairobi, isibaki UTC.

Ada iandikwe tarakimu tupu, 150000 bila koma, na sarafu iwe TZS. Kilichomo kwenye data lazima msomaji akione pia kwenye ukurasa. Ukimaliza, pitisha anwani kwenye Rich Results Test, kifaa cha Google cha kukagua data hiyo. Kupita jaribio si ahadi kwamba utaonyeshwa kwa namna ya pekee, ni uthibitisho tu kwamba umesomeka.

Hatua ya 6: Unganisha

Ukurasa wa "Matukio" usiufute. Ugeuze uwe mlango: kila mstari uwe na linki ya maandishi inayokwenda kwenye ukurasa wa kongamano husika. Ingiza kurasa mpya kwenye ramani ya tovuti (faili linaloorodhesha kurasa zako), iwasilishe kupitia Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti, na kwa ukurasa unaohitajika haraka omba uorodheshwe kupitia kisanduku cha kukagua anwani. Kuorodheshwa huchukua siku kadhaa, pengine wiki, kwa hiyo ukurasa wa Septemba usiufungue Septemba.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Kondoa: Shikamoo mwalimu. Kongamano letu limeahirishwa na tarehe mpya bado. Nifute ukurasa?*

Marahaba. Usifute, maana watu ndiyo kwanza wataanza kuutafuta. Acha startDate ya awali, kwenye ile data ya Hatua ya 5 badilisha eventStatus (hali ya tukio) iwe EventPostponed, na uandike juu kabisa kwa maneno wazi kwamba limeahirishwa. Tarehe mpya ikipatikana, weka EventRescheduled, startDate mpya, na ile ya zamani uiingize kwenye previousStartDate. Likifutwa kabisa, EventCancelled. Na waliokwisha kulipa waelezwe hapohapo fedha zao zinarudi vipi.

*Mwanachama, Manyoni: Makongamano yaliyopita yanajaza tovuti. Kuna faida gani kuyaacha?*

Ipo, kaka, ila ukurasa ubadilike. Ondoa fomu ya usajili, weka mada zilizowasilishwa, maazimio na picha chache, kisha linki ya toleo lijalo. Mtafiti atakuja kuyatafuta maazimio, na mdhamini atataka kuona mlifanya nini. Ule ambao hauna cha kuongeza, uelekeze kwa 301 (uhamisho wa kudumu wa anwani) kwenda anwani kuu ya kongamano hilo. Usizielekeze zote kwenye ukurasa wa mwanzo. Mtu aliyefuata alizeti akitua kwenye salamu za karibu anaondoka.

*Mwanachama, Iringa: Tuandike Kiswahili au Kiingereza?*

Angalia anayekuja. Kongamano la wakulima na wasindikaji, Kiswahili kwanza. La wahandisi lenye wageni kutoka nje, tengeneza kurasa mbili zenye anwani mbili na uziunganishe kwa hreflang, alama inayoiambia Google lugha ya kila ukurasa: sw na en. Usichanganye lugha zote mbili aya kwa aya kwenye ukurasa mmoja. Na tafsiri ifanywe na mtu, hasa majina ya mazao na mashine.

*Mwanachama, Singida: Nimeweka plagini ya kalenda. Search Console inanionyesha maelfu ya kurasa ambazo sijawahi kuziandika.*

Dada, ni kitufe cha "mwezi ujao". Kila mwezi unazaa anwani yake, hata wa 2040, na Google inazifuata zote zikiwa tupu. Kama plagini inaruhusu, zima kurasa za miezi na siku. Isiporuhusu, izuie kalenda hiyo kwenye robots.txt, faili linaloiambia Google njia zipi isipite, lakini hakikisha kurasa za makongamano yenyewe hazimo ndani ya njia uliyoizuia. Kagua tena baada ya wiki chache. Idadi hushuka polepole.

*Mwanachama, Mpwapwa: Sisi hatuna tovuti, tuna ukurasa wa Facebook na grupu la WhatsApp. Tufanyeje?*

Ombeni nafasi kwenye tovuti ya chama mama au ya mwandaaji mwenzenu: ukurasa mmoja wenye anwani yake. Hiyo ndiyo linki mtakayoituma kwenye grupu. Aliyeuandaa aweke ndani ya ukurasa lebo za og:title na og:image, ili linki ikitumwa WhatsApp ijitokeze na jina la kongamano na picha, na tarehe iandikwe ndani ya hilo jina. Namba ya simu ya kuulizia iwe ya ofisi, kwa sababu ukurasa utabaki hata katibu akibadilika.