Kupe bluu wawili: mtazame mdomoni, si mgongoni

"Mwanangu, kupe ni kupe," mzee mmoja wa Muheza aliniambia nilipochuchumaa chini ya ng'ombe wake nikiwa na kibano. Ng'ombe mwenyewe wa maziwa, mkojo wake ulikuwa umekolea kama chai ya rangi, na jana yake alianza kuyumba. Hakupona. Mimi nilikuwa na miaka kadhaa ya daftari zilizoandikwa "kupe bluu" tu, na siku ile ndipo nilipoelewa kwamba neno hilo halitoshi.

Jina hilo moja linabeba kupe wawili. Rhipicephalus decoloratus ni mwenyeji wa Afrika. Rhipicephalus microplus aliletwa na ng'ombe kutoka Asia, na huku Tanga na pwani kwa jumla ameshamiri. Wote wawili hueneza ugonjwa wa ndigana baridi na Babesia bigemina, kimelea cha damu. Ila microplus hubeba pia kimelea kingine, Babesia bovis, ambayo huziba mishipa midogo ya ubongo, ndiyo maana mnyama huyumba. Kwa hiyo kumjua ni yupi si anasa ya watu wa maabara.

Kupe ni ndugu wa utitiri, na kama ilivyo kwa utitiri, rangi itakudanganya. Ule ubuluu wa kijivu unaonyesha ameshiba kiasi gani, basi. Ushahidi uko mdomoni.

Kwa hiyo anza kwa kuulinda mdomo. Bana kupe karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu moja kwa moja, usinyonge. Mdomo ukikatikia ndani ya ngozi, huyo kupe mtupe tu. Pitia shingo, mabega, tumbo na mapaja kwa ndani, ukusanye kama ishirini, maana aina zote mbili huweza kukaa kwenye ng'ombe mmoja. Usivutwe na yale majike yaliyovimba kama maharage. Chagua ambao hawajashiba sana. Madume ni wadogo, mara nyingi utawakuta wamejificha chini ya majike. Watie kwenye spiriti ya asilimia 70. Tarehe na kijiji viandike kwa penseli kwenye kikaratasi, ukitumbukize humo humo chupani. Wino wa kalamu huyeyuka, nami nimewahi kupoteza sampuli za wiki nzima kwa sababu hiyo.

Kwenye hadubini hakikisha kwanza kwamba ni kupe bluu kweli: mdomo mfupi, miguu myembamba iliyopauka, na dume hana ile mikato ya ukingoni mwa nyuma aliyo nayo kupe wa masikio anayeleta ndigana kali.

Sasa mlaze chali. Hapa ndipo wengi hukosea: meno ya ule msumari anaojichomeka nao kwenye ngozi ya ng'ombe yapo upande wa tumbo la kupe, kwa hiyo ukimtazama kwa mgongoni utahangaika bure. Msafishe kwa brashi laini iliyolowa spiriti. Mabaki ya ngozi na ule utomvu anaojigandishia hujaza nafasi kati ya meno, na safu mbili huonekana kama moja. Yaondoe kwa ncha ya sindano, polepole. Mwanga utokee ubavuni ili meno yatoe kivuli. Kisha tafuta mstari wa katikati na uhesabu safu za meno za upande mmoja. Tatu kila upande, ni decoloratus. Nne kila upande, ni microplus.

Yule mzee nilimwekea jicho kwenye lenzi. Alinyamaza kitambo, kisha akahesabu kwa sauti: "Moja, mbili, tatu... nne." Akarudia upande wa pili. Nne.

Meno yakiwa yamevunjika, angalia vipapasio, vile viwili vinavyoukinga msumari kushoto na kulia. Pingili ya kwanza ya decoloratus, kwa upande wa ndani, ina kinundu kilichoota vinywele. Ya microplus imebonyea, haina kinundu. Mimi hukagua alama zote mbili hata meno yakiwa mazima.

Kwa dume, usihukumu kwa kimkia cha nyuma, wote wawili wanacho. Mgeuze umtazame kwa juu: kwa decoloratus ncha za vigao (vibamba vigumu) vya tumboni huchomoza pembeni mwa kimkia; kwa microplus hazionekani. Alama hii naichukua kama nyongeza tu. Lava, yaani kupe wachanga wa miguu sita, waache, kwa vifaa vya wilayani hutawatenganisha.

Daftarini andika idadi ya kila aina, si jina moja kwa chupa nzima. Chupa ya mzee ilisomeka: microplus 17, decoloratus 2, haijulikani 1. Huyo mmoja mdomo ulikuwa umekatika.