Kutoka Chalbi hadi Ukutani: Jinsi ya Kupiga na Kuchapa Picha Kubwa ya Jangwa

Rafiki yangu amefungua nyumba ya wageni Nanyuki, akataka picha moja kubwa ya jangwa la Chalbi kwa ukuta wa mapokezi. Tuliifanya kazi hiyo pamoja kuanzia kupima ukuta hadi kupigilia misumari, na maswali aliyokuwa akiniuliza ndiyo yaliyonifanya niandike mwongozo huu. Nachukulia kwamba kamera yako unaijua vizuri.

Hatua ya 1: Anza na ukuta

Pima ukuta kabla hujafunga safari. Picha ya juu ya kochi hupendeza ikiwa upana wake, pamoja na fremu, unafika kama theluthi mbili ya kochi lenyewe. Kochi la sentimita 210 linataka picha ya karibu sentimita 140. Andika pia dirisha liko upande gani na taa za chumba zina mwanga wa manjano au mweupe.

Vipimo hivyo ndivyo vitakavyokuamulia namna ya kupiga. Kamera ya megapikseli 24 hutoa faili la pikseli 6000 kwa 4000. Ukichapa kwa pikseli 300 kwa inchi unapata upana wa sentimita 51 hivi, na kwa pikseli 150 unapata kama sentimita 101. Picha ya ukutani hutazamwa kutoka mita mbili au zaidi, kwa hiyo 150 zinatosha kabisa. Ukihitaji sentimita 140, simamisha kamera wima, piga vipande vitatu vinavyopandana kwa theluthi moja, kisha uviunganishe kwenye programu. Huhitaji kamera mpya kwa kazi hii, hata kama muuzaji atakuambia vingine.

Hatua ya 2: Nenda wakati wa kiangazi

Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale lililokauka, katika kaunti ya Marsabit, mashariki mwa Ziwa Turkana. Mvua ikinyesha, ile sakafu ngumu hugeuka tope na magari hukwama. Januari na Februari ni miezi mizuri, vilevile Juni hadi Septemba. Pitia Marsabit, Maikona, kisha Kalacha. Nendeni na magari mawili, mwenyeji anayeijua njia, na maji ya akiba.

Huko ni nyumbani kwa Wagabra na ngamia wao. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na kama sura yake itatambulika kwenye picha utakayoiuza, pata idhini yake kwa maandishi. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inagusa picha za watu pia, na hata kama isingekuwepo, heshima ingetudai hivyo.

Hatua ya 3: Piga alfajiri

Karibu na ikweta jua hupanda likiwa karibu wima, kwa hiyo ule mwanga wa dhahabu haudumu. Stendi iwe imeshasimama nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Asubuhi ikisogea, joto huanza kuitetemesha hewa juu ya chumvi, na picha ya lenzi ndefu hupoteza ukali hata stendi iwe imara namna gani.

Mimi hupiga na lenzi ya milimita 70 hadi 200, wala sibembelezwi kuhusu hili. Lenzi pana kwenye jangwa tambarare hukupa anga tupu juu na ardhi tupu chini. Lenzi ndefu huzisogeza tabaka pamoja: chumvi nyeupe, mstari wa mikoma ya Kalacha, na nyuma yake vilima vya Huri vikiwa na rangi ya samawati. Picha ya namna hiyo humpa mtu aliyekaa sebuleni mahali pa kutuliza macho.

Nitakubali lenzi pana kwa jambo moja tu, nalo ni ile mipasuko ya chumvi. Piga goti uitazame kwa karibu: sakafu imepasuka vipande vipande, kingo zimekunjika juu kidogo, na jua linapochomoza kila ukingo hutupa kivuli chembamba kama uzi. Dakika chache baadaye vivuli hivyo vimefupika na sakafu inaonekana bapa.

Tumia f/8 au f/11, ISO 100, faili la RAW. Weupe wa chumvi huidanganya kamera ikaifanya kijivu, kwa hiyo ongeza stopu moja ya mwanga huku ukiangalia histogramu isigonge upande wa kulia. Vua polaraiza, yaani kichujio cha kupunguza mng'ao, unapopiga vipande vya kuunganisha, la sivyo anga litakuwa na giza upande mmoja. Usibadilishe lenzi nje kwenye upepo, na usifute mchanga kwa kitambaa. Upulize kwa pampu ya mpira.

Hatua ya 4: Safisha faili

Fanya kazi kwa biti 16, ondoa madoa ya vumbi angani, na usiongeze rangi kupita kiasi.

Hatua ya 5: Chapa kipande cha majaribio

Hapa ndipo saa zangu nyingi zimeishia, na ndipo wengi huvunjika moyo: picha iliyong'aa kwenye kompyuta inarudi kutoka dukani ikiwa nzito na yenye giza. Mara nyingi mchapaji hana kosa. Skrini hutoa mwanga wake yenyewe, ilhali karatasi hurudisha tu mwanga wa chumba. Ukihariri skrini ikiwa imewashwa hadi mwisho, utaipunguzia picha mwanga bila kujua.

Kama una kifaa cha kupimia skrini, iweke kati ya kandela 80 na 120 kwa mita mraba. Kama huna, fungua ukurasa mweupe mtupu, shika karatasi nyeupe kando ya skrini chini ya taa ya chumba, kisha punguza mwangaza mpaka viwili hivyo vikaribiane. Usifanye hivi karibu na dirisha, maana wingu likipita kipimo kimeharibika. Zima hali ya usiku inayoipa skrini umanjano, na uzime pia mwangaza unaojirekebisha wenyewe.

Sasa omba dukani profaili ya karatasi utakayotumia, yaani faili linaloiambia programu jinsi karatasi na wino huo vinavyotoa rangi, uitazame picha kwenye skrini kupitia profaili hiyo. Duka lisilojua profaili ni nini, shukuru uondoke.

Kabla ya kutuma, pima chumvi inayong'aa zaidi. Isifike 255, ambayo ni nyeupe kabisa kwenye kipimo cha programu kinachoanzia 0; mimi huiacha karibu na 245 ili ipate wino kidogo. Mahali pasipo na wino kabisa huonekana kama tundu katika picha, hasa kwenye karatasi ya kung'aa.

Kisha kata ukanda unaobeba chumvi angavu, kivuli kizito na kipande cha anga, uuchape mara tatu kwenye karatasi ileile: ulivyo, ukiongezewa theluthi ya stopu, na ukiongezewa theluthi mbili. Acha wino ukauke hadi kesho yake. Bandika kanda hizo kwenye ukuta wenyewe, uzitazame asubuhi, mchana na usiku taa zikiwaka. Usichague ukiwa dukani, kwa sababu taa za duka si taa za nyumbani. Kule Nanyuki, ukanda uliopendeza mchana ulikuwa kama majivu saa mbili usiku, tukachukua ule wa theluthi mbili. Kumbuka pia kwamba taa ya manjano, ile ya kelvini 2700, huigeuza chumvi kuwa krimu. Ukitaka ibaki nyeupe, badilisha balbu kwanza, ndipo uguse faili.

Hatua ya 6: Karatasi na fremu

Chagua karatasi ya pamba isiyong'aa na wino wa pigmenti. Kanvasi siipendi kwa jangwa, kwani nyuzi zake huimeza mipasuko yote uliyoipigia goti. Weka maunti, yaani kadibodi inayoizunguka picha ndani ya fremu, isiyo na asidi ili picha isiguse kioo, maana unyevu ukiingia hugandana. Kwa nyumba za Mombasa au Zanzibar, acha nafasi kati ya fremu na ukuta hewa ipite, kuvu isiingie.

Hatua ya 7: Tundika

Kitovu cha picha kiwe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Juu ya kochi, acha sentimita 15 hadi 20. Tumia misumari miwili, na uchague ukuta usiopigwa na jua la dirishani.